Wi-Fi imeshika, intaneti hakuna: dalili na sababu kwa msafiri mwenye simu

Kwa msafiri, simu ndiyo ramani, tiketi, mkalimani, pochi na wakati mwingine ufunguo wa chumba. Intaneti ikikata ugenini, hakosi video peke yake: anasimama mbele ya mkaguzi bila pasi ya kupandia ndege, au anashuka kituoni bila kujua nyumba aliyolipia iko mtaa gani. Hapo wengi hulaumu mawimbi. Wananyanyua simu juu, wanasogea dirishani, wanazunguka ukumbi mzima.

Mara nyingi mawimbi hayana kosa. Ugenini, simu hukwama zaidi kwa kukosa ruhusa. Iko sehemu kati yake na dunia ambayo bado haijaikubali: ukurasa wa kuingilia wa hoteli, kampuni ya laini, rauta iliyojaa, hata saa ya simu yenyewe. Kazi ni kujua umezuiwa wapi.

Anza na maswali mawili. Ukizima Wi-Fi na kuwasha data ya laini, unapata? Na mtu aliye karibu nawe, kwenye Wi-Fi hiyohiyo, anapata? Kama hakuna anayepata, tatizo ni la mwenye mtandao, usiguse mipangilio yako. Watu wengi huharibu simu zilizokuwa nzima kwa kupangua kila kitu wakati kebo ya jengo ndiyo imekatika.

Wi-Fi imeunganishwa, lakini hakuna kinachofunguka

Hii ndiyo dalili ya kwanza kwa wingi hotelini, viwanjani na kwenye treni. Mtandao hauna nywila, au nywila imekubalika, alama imejaa, lakini kila ukurasa unazunguka tu. Kinachotokea ni kwamba rauta imekupokea lakini haijakuruhusu kutoka. Inasubiri ufungue ukurasa wa kuingilia uandike namba ya chumba, barua pepe, au ubonyeze tu kwamba umekubali masharti.

Kwa kawaida ukurasa huo hujileta wenyewe. Simu ikishaunganishwa huomba kijiukurasa kinachojulikana: iPhone huuliza captive.apple.com, na Android huuliza anwani ya Google ambayo hujibu kwa msimbo 204, yaani ombi limefika na hakuna cha kurudisha. Ikija na jibu tofauti, simu inaelewa kwamba kuna mtu katikati, ndipo inakufungulia ukurasa wa kuingilia. Usipokuja, kuna sababu chache za kukagua.

VPN, yaani programu inayopitisha data yako kwenye njia ya siri, ndiyo ya kwanza. Ikiwa imewekwa ijiwashe yenyewe, inajaribu kujenga njia yake kabla rauta haijakuruhusu, na kila mmoja anamsubiri mwenzake. Izime, ingia, kisha iwashe tena. Inayofuata ni DNS ya faragha (DNS ni huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani yake), iliyokuja na Android 9 mwaka 2018. Ukiwa umeandika humo jina la seva fulani, simu hukataa majibu ya rauta ya hoteli, na ukurasa wa kuingilia hautaonekana ng'o. Irudishe kwenye chaguo la otomatiki kwa muda.

Sababu ya tatu imo kwenye kivinjari. Karibu tovuti zote sasa hutumia https, yaani muunganisho uliosimbwa, na rauta haiwezi kuuweka ukurasa wake mahali pa tovuti ya https bila kivinjari kupiga kelele. Kwa hiyo ukifungua tovuti uliyoizoea utapata kosa badala ya ukurasa wa kuingilia. Fungua neverssl.com, tovuti iliyotengenezwa makusudi isitumie usimbaji, na rauta itaweza kukuelekeza inakotaka. Ikishindikana, bonyeza jina la mtandao ndani ya mipangilio ya Wi-Fi, soma anwani ya rauta au lango (mara nyingi ni kitu kama 192.168.1.1), iandike kwenye kivinjari kama ilivyo. Hoteli nyingi ukurasa wao hukaa hapohapo.

Halafu kuna kidirisha chenyewe. Ukurasa wa kuingilia hufunguka kwenye kidirisha kidogo, si kwenye kivinjari chako cha kila siku. Ukikiacha ukaenda kwenye barua pepe kutafuta msimbo waliokutumia, simu nyingi hukifunga na kukukatia Wi-Fi. Tena barua pepe yenyewe ingekujaje wakati intaneti huna? Isome kwa data ya laini kwanza, iandike pembeni, ndipo uingie.

Wengine huingia vizuri siku ya kwanza, kesho wanaulizwa upya au wanaambiwa vifaa vimezidi. Hapa kuna jambo ambalo wahudumu wengi wa mapokezi hawalifahamu. Tangu Android 10 (2019) na iOS 14 (2020), simu huipa kila Wi-Fi anwani ya kifaa ya kubuni, isiyo ile halisi, ili isifuatiliwe. Ni jambo jema kwa faragha yako, lakini mtandao wa hoteli hukukumbuka kwa anwani hiyohiyo. Ikibadilika, wewe ni mgeni mpya, na yule wa jana bado anahesabiwa. Kwenye mtandao huo mmoja tu, chagua anwani isiyobadilika. Na kumbuka saa ya mkononi na kompyuta nazo zinahesabiwa. Izime Wi-Fi ya kile usichokitumia.

Imekwama kwenye "inapata anwani ya IP"

Nywila imekubalika lakini simu haimalizi kuunganishwa. Rauta huipa kila simu anwani ya IP, yaani namba ya kuitambulisha; rauta ndogo ya kawaida ina anwani zisizofika 254 za kugawa, wakati mwingine chache zaidi, na kila simu iliyoingia hushikilia yake kwa saa kadhaa hata mwenye simu akishaondoka. Ni kama basi ambalo abiria wameshuka wakaacha mikoba vitini: nafasi zipo, lakini hakuna pa kukaa. Kumbi za kusubiria na mikutano ndiko hutokea sana. Ukiona simu yako imejipa anwani inayoanza na 169.254, ujue hakuna aliyeijibu.

Zima Wi-Fi, subiri kidogo, washa. Ikiendelea, mwombe mhusika aizime na kuiwasha rauta. Utakutana na ushauri wa kuandika anwani kwa mkono. Sikubaliani nao: unaweza kuchukua anwani ya mtu mwingine mkakosa wote wawili, na nyumbani utasahau kuirudisha.

Kama ni nywila inayokataliwa, tazama kikaratasi vizuri. Herufi l na tarakimu 1, herufi O na sufuri, huwachezea watu kila siku. Bonyeza alama ya jicho uone ulichoandika: kibodi ya simu hupenda kukuza herufi ya kwanza, na ukibandika nywila kutoka kwenye ujumbe huingia na nafasi tupu mwishoni ambayo huioni. Simu ya zamani inaweza pia kushindwa kwa sababu mtandao umewekwa ukubali WPA3 peke yake, mfumo wa ulinzi uliotoka 2018. Hapo nywila ni sahihi na simu haina la kufanya.

Alama imejaa, kasi ya kobe

Alama ile inapima nguvu ya mawimbi kati yako na rauta, haisemi chochote kuhusu kilicho nyuma ya rauta. Kama jengo lina njia moja nyembamba ya kutokea na wageni wote wanatazama filamu saa tatu usiku, alama itajaa na wewe utasubiri. Dalili yake ni rahisi: alfajiri intaneti inakimbia, usiku inakufa. Pakua ramani na hati zako alfajiri.

Tatizo likiwa ni chumba chako, usikimbilie dirishani. Dirisha linasaidia data ya laini, kwa kuwa minara iko nje. Wi-Fi ya hoteli mara nyingi hutoka korido, hivyo pa kukaa ni karibu na mlango. Zege, vioo vikubwa vya ukutani na milango ya chuma huyala mawimbi, na bafu lenye vigae na mabomba katikati ya chumba linaweza kukukata kabisa.

Ukiona majina mawili yanayofanana, moja likiishia na 5G, hilo ni Wi-Fi ya masafa ya 5 GHz na halihusiani na 5G ya kampuni za simu. 5 GHz ina kasi zaidi lakini haipiti ukuta vizuri, 2.4 GHz hufika mbali zaidi lakini imejaa watu, bluetooth na hata oveni za maikrowevu. Ukiwa chumba kimoja na rauta chagua 5, ukiwa vyumba viwili mbele jaribu 2.4.

Ndegeni hesabu ni nyingine. Setilaiti za zamani za intaneti huelea kilomita 35,786 juu ya ikweta, na ombi lako kwenda na kurudi huchukua karibu nusu sekunde kabla hata halijashughulikiwa. Ukurasa wenye vipande mia hutambaa, ujumbe wa maandishi hupita bila shida. Ndege zinazotumia setilaiti za chini, kama za Starlink zinazozunguka kwenye kilomita 550 hivi, hazina ucheleweshaji huo.

Laini inasoma mtandao, data haisomi

Simu inapiga, meseji zinaingia, intaneti hakuna. Kama ni laini ya kwenu uliyosafiri nayo, angalia kwanza romingi, yaani ruhusa ya kutumia data kwenye mtandao wa nchi nyingine. Simu nyingi huja ikiwa imezimwa ili usipate bili ya kukutoa machozi. Ruhusa hiyo iko sehemu mbili: kwenye simu, na kwenye kampuni yako. Kuwasha upande mmoja hakutoshi, na upande wa kampuni ni bora uushughulikie kabla ya kuondoka, maana ukiwa huko hata kuwapigia ni gharama.

Kama ni laini mpya ya huko ulikofika, mshukiwa ni APN. Hilo ni jina la mlango ambao data ya kampuni hiyo hupitia. Kwa kawaida hujiandika simu inapoisoma laini, lakini simu iliyowahi kuwekewa APN ya kampuni nyingine kwa mkono inaweza kung'ang'ania ya zamani. Nenda kwenye mipangilio ya mtandao wa simu, tafuta APN, chagua kurejesha ya mwanzo, kisha washa na kuzima hali ya ndegeni. Bila hatua hiyo ya mwisho simu huendelea na muunganisho wa zamani na utadhani hujarekebisha kitu. Angalia pia kama usajili umekamilika: nchi nyingi hudai pasipoti kabla ya kufungua laini, na laini ambayo haijasajiliwa inaweza kuonyesha mtandao bila kutoa data.

Ikiandika "hakuna huduma" kabisa, zima uchaguzi wa mtandao wa otomatiki, acha simu itafute kwa dakika mbili tatu, kisha jaribu kampuni moja baada ya nyingine. Kampuni yenu haina mkataba na zote. Laini mpya ikikataliwa huku ya zamani inakubaliwa, simu yako huenda imefungwa kwa kampuni iliyoiuza, na ni hiyo pekee inayoweza kuifungua.

Sababu nyingine imeongezeka miaka ya karibuni: mitandao ya 3G inazimwa. Kampuni kubwa za Marekani zilimaliza kuzima zake mwaka 2022, na Australia ikafuata 2024. Simu isiyoweza kupiga kupitia 4G itakosa sauti huko hata kama data inapita. Masafa nayo hutofautiana. Simu iliyotengenezwa kwa soko moja inaweza kukosa masafa ya chini ambayo nchi nyingine huyatumia kufika mashambani. Ukiwa mjini huoni tofauti, ukitoka nje ya mji mtandao unapotea wakati wenzako kwenye gari lilelile wanaongea.

eSIM imegoma

eSIM, yaani laini isiyo na kadi inayopakuliwa kwenye simu, ni nzuri kwa msafiri kwa sababu laini ya nyumbani inabaki mahali pake. Kosa la kawaida ni kuisubiri hadi ufike. Ili kuipakua unahitaji intaneti, na uko uwanjani ukiitafuta intaneti hiyohiyo. Ipakue ukiwa nyumbani, iwashe ukifika. Usiifute ikikusumbua, kwani msimbo wa QR mara nyingi hukubali mara moja tu.

Ikishaingia, hakikisha data imeelekezwa kwenye eSIM na romingi ya eSIM hiyo imewashwa. Ndiyo, iwashwe: laini nyingi za wasafiri ni za kampuni ya nchi ya tatu, kwa hiyo simu inaziona kama zipo romingi popote zilipo. Laini ya nyumbani izimie data lakini usiizime yenyewe, la sivyo meseji za benki zenye namba ya siri hazitakufikia. WhatsApp ikikuuliza kama unataka kuhamia namba mpya, kataa.

Intaneti ipo, ila programu moja haifanyi kazi

Kabla ya kuifuta na kuipakua upya, tazama saa. Msafiri aliyebadilisha saa kwa mkono akakosea tarehe atapata maonyo ya vyeti (hati za kidijitali zinazothibitisha kwamba tovuti ni ya kweli) kila tovuti, kwa sababu cheti cha https kina siku ya kuanza na ya kuisha, na simu inalinganisha na kalenda yake. Rudisha saa iwe ya otomatiki.

Kama saa ni sahihi, huenda nchi yenyewe imezuia. China, huduma za Google, WhatsApp na Facebook hazipiti kwenye Wi-Fi ya kawaida. Mwenye laini ya romingi kwa kawaida huzipata, kwa kuwa data ya romingi husafirishwa kwanza hadi kampuni ya nyumbani ndipo itoke. Falme za Kiarabu, ujumbe wa WhatsApp hupita lakini simu za sauti huzuiwa. VPN wengine huiona dawa ya kila kitu, lakini zipo nchi zinazoibana kisheria, soma sheria kabla ya kuipakia.

Safari hiyo ya data kupitia nyumbani ndiyo sababu mtu aliye romingi huona matangazo ya kwao na kurasa zikichelewa kidogo. Kinyume chake, mwenye eSIM ya nchi ya tatu anaweza kukuta benki yake imemfungia, kwa kuwa kwa benki anaonekana yuko mahali ambapo hajawahi kufika.

Bando linayeyuka

Angalia orodha ya matumizi kwa programu kabla ya kumlaumu mtu. Mara nyingi ni picha zinazojihifadhi kwenye wingu (hifadhi ya mtandaoni), programu zinazojisasisha na video zinazojicheza. Zima hizo kwenye data, na washa kiokoa data. iPhone ina kitu kinaitwa Wi-Fi Assist: Wi-Fi ikidhoofika inahamia data kimyakimya (isipokuwa ukiwa romingi), wewe ukidhani bado unatumia ya hoteli. Android nyingi zina kinachofanana. Ukigawa hotspoti kwa kompyuta, iambie kompyuta kwamba mtandao huo unalipiwa kwa kipimo, la sivyo itaanza kupakua masasisho yake.

Mipakani, simu hushika mnara wenye nguvu bila kujali bendera. Ndani ya Umoja wa Ulaya, tangu 15 Juni 2017, romingi ya wakazi hutozwa kama nyumbani, lakini Uswisi haimo, na ukipita karibu na mpaka wake simu inaweza kuruka upande wa pili. Chagua mtandao kwa mkono ukiwa maeneo hayo. Melini ni hatari zaidi: meli nyingi zina minara yao inayopitia setilaiti, haimo kwenye vifurushi vya kawaida, na bei zake ni za kutisha. Mara ukiondoka bandarini, weka hali ya ndegeni, kisha washa Wi-Fi peke yake.

Onyo la cheti kwenye Wi-Fi ya wazi

Hapa sina mjadala. Kama saa ni sahihi na kivinjari kinasema cheti hakiaminiki unapoingia benki au barua pepe, usibonyeze kuendelea. Ondoka kwenye mtandao huo, tumia data. Yeyote anaweza kuunda Wi-Fi yenye jina linalofanana na la hoteli, kwa hiyo muulize mhudumu jina kamili, na zima kujiunga kwa otomatiki ukiondoka.

Hakuna mtandao wa aina yoyote

GPS haihitaji intaneti. Simu hupokea tu kutoka kwenye setilaiti, haitumi kitu. Kinachokosekana ni ramani, na ndiyo maana unapaswa kupakua ya eneo zima kabla ya safari, pamoja na lugha ya mkalimani. Nukta ya mahali ulipo ikichelewa kutokea usikate tamaa: kwa kawaida simu huchukua taarifa za mizunguko ya setilaiti kupitia intaneti kwa sekunde chache, lakini bila intaneti huzisubiri kutoka angani, ambako kila setilaiti huzirudia kila sekunde 30. Simama mahali pa wazi, mbali na majengo marefu, uipe dakika chache, hasa kama umetoka tu kwenye ndege iliyokuvusha bara. Tiketi na anwani ya unakolala piga picha ya skrini mapema, kwani programu nyingi za tiketi hukataa kufunguka bila kuwasiliana na seva yao.